Wimbo Ulioishia Langoni

Nilipokuwa mtoto, pale Muyeye, wimbo mmoja wa mbinguni ulishika mtaa mzima. Ulipigwa kwa kinyozi, ulipigwa dukani, na penye msiba vipaza sauti viliurudia mpaka sisi watoto tukaujua wote. Msafiri anafika kwenye lango la mbinguni, anabisha, anaeleza taabu zake. Katika ubeti wa mwisho lango linafunguliwa, anaingia.

Bibi yetu mzaa mama, ambaye kwa Kigiriama tulimwita Hawe, hakuuchukia wimbo huo. Kanisani aliuimba. Ila alikuwa na sharti lake: ndani ya nyumba usiufikishe mwisho. Ubeti ule wa lango ni wa kumwimbia aliyekwisha kufa, uani, jeneza likiwa mbele ya watu. Ukiumalizia ndani, alisema, umemfungulia njia mtu wa humo.

Aliyesumbuliwa na sharti hilo ni dada yangu Kadzo. Sauti yake iliwasimamisha wapita njia, naye aliimba akifua, akichambua mchicha, akinisuka nywele.

"Wee Kadzo," Hawe alimkatiza, "huko mbinguni una haraka gani, na ugali hujasonga?"

"Sijafika langoni, Hawe. Bado niko njiani."

"Basi rudi. Maji yanachemka."

Mama alicheka huku ameshika ubavu, maana tayari ulikuwa unamuuma.

Ugonjwa ulipomlaza kabisa, alasiri moja Hawe alikwenda sokoni. Mama akamwita Kadzo akae naye kitandani, akamwomba wimbo ule. Mimi nilikuwa mlangoni napepeta mchele. Kadzo aliimba polepole, akafika penye kituo chake cha siku zote, akanyamaza.

"Mbona umeniacha nje?" Mama aliuliza.

"Hawe amekataza."

"Hawe yuko sokoni. Nimalizie, mwanangu."

Kadzo akamalizia. Nilipogeuka nilimwona Hawe amesimama uani, kikapu mkononi. Alikuwa amesikia yote. Mama alifariki wiki ile ile.

Matangani, wanawake wakiosha masufuria, Hawe alitamka mara moja tu: "Mimi nilikataza." Hakumtaja mtu, wala hakukuwa na haja. Muda si muda maneno yalifika kwenye mfereji wa maji. "Yule ndiye aliyemsindikiza mamake," walinong'ona, kwa sauti ya kutosha kusikika. Kadzo aliacha kwaya. Aliacha kuimba hata akifua.

Hawe alipozeeka, Kadzo ndiye aliyemchukua akae naye Gede, alikoolewa. Siku moja niliwatembelea nikamkuta Kadzo anamlisha uji, kwani bibi hakuweza tena kuinuka.

"Niimbie ule wa lango," Hawe alimwambia.

"Nimeusahau, Hawe."

"Muongo wewe."

Kadzo akaendelea kuukoroga uji uliokwisha kupoa. Ndipo Hawe alipouanza mwenyewe, kwa sauti iliyopasuka, ubeti baada ya ubeti, humo humo ndani, mpaka lango likafunguliwa. Akamkazia macho mjukuu wake.

"Umeona? Bado nipo. Lete uji."

Aliishi mpaka mahindi yakavunwa, na Kadzo aliniambia kwamba bibi hakuacha kuuimba, wote, mpaka mwisho, hasa akimsikia yeye yuko karibu.

Nimelifikiria sana jambo hili. Watu wa rika la Hawe hawakuzoea kuwaomba watoto msamaha, na nadhani ile ndiyo namna aliyoiona. Siamini kwamba wimbo ulimchukua mama. Alichukuliwa na maradhi, ambayo hospitalini yalikuwa na jina. Lakini neno moja la Hawe, lililomtoka katika uchungu wa kumzika mwanawe, lilimnyamazisha dada yangu katika miaka yote ambayo sauti yake ilikuwa bado mbichi. Alijitahidi kulifuta. Alichelewa tu.

Tulipokwisha kumzika Hawe na wageni kutawanyika, Kadzo aliingia kufagia chumba chake. Nikiwa uani nilimsikia akiimba, chini chini, kwa mara ya kwanza tangu mama afariki. Nilisimama pale pale, nisije nikamkatiza. Alifika langoni, akanyamaza.

Nilingoja. Ndani ulisikika ufagio tu.