Kiko Nilichokilainisha

Mjukuu wangu, iko siku moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka bado nababaika, kana kwamba ndiyo kwanza inatokea. Siku hiyo niliitwa mwizi kwa kazi ambayo mimi niliiona ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Nilikuwa seremala kijana pale Korogwe mjini, nimetoka kwetu Handeni. Nilimpenda Zaina, binti wa Mzee Mhina wa Mashewa. Mjomba wangu Athumani, aliyekuwa mshenga wangu, alikwishapeleka barua ya posa, na sasa tulikuwa tunangoja jibu. Kungoja kule kulinifanya mtu wa ajabu. Kila nilichokifanya nilijiuliza kama Mzee Mhina atakipenda.

Mzee huyo alikuwa amestaafu kazi ya ufundi kule Hale. Presha ya macho ilikuwa imemnyima nuru kabisa. Tumbaku alikwishaiacha, na tunamshukuru Mungu kwa hilo, wala mimi hapa siisifu. Lakini kiko chake hakukiacha. Kila baada ya swala ya alasiri alikaa kibarazani akikishika kitupu, anakigeuzageuza kiganjani taratibu, midomo kimya.

Nilipokwenda kumsalimia, alinipa kile kiko. "Mrija umelegea," akasema. "Ukaze, basi."

Nikarudi nacho karakana. Mrija niliukaza kwa muda mfupi sana. Kisha nikakitazama chenyewe vizuri, nikashtuka. Kichwa cha kiko kilikuwa na matuta na mifereji kila mahali, upande mmoja mistari, upande mwingine vipele vidogo kama choroko. Nikasema moyoni, masikini mzee wa watu, haoni, kiko chake kimeliwa na wadudu na hakuna aliyemwambia. Nikachukua msasa. Nilianza na ule mkali, nikaja kwa laini, nikamalizia na vanishi mara tatu. Kikang'aa kama goti la mtoto aliyetoka kupakwa mafuta. Nilijua kwa hakika kwamba Zaina sasa ni wangu.

Jumamosi nikapanda gari la Mashewa. Zaina alinipokea mlangoni, akakiona, akaweka mkono mdomoni.

"Umefanya nini wewe?"

"Nimekitengeneza."

"Nani alikwambia ni kibovu?"

Nikadhani ananitania. Nikaingia, nikatoa shikamoo, nikamwekea mzee kiko mkononi. Vidole vyake vikakipitia mara moja, vikasimama. Akakipitia tena.

"Hiki si changu," akasema.

"Ni chenyewe, mzee."

"Kijana, mimi ni kipofu, si mjinga. Changu kiko wapi? Umemuuzia nani?"

Niliapa. Nikaapa tena. Kadiri nilivyoapa ndivyo uso wake ulivyozidi kufunga. Zaina ndiye aliyeniokoa: "Baba, kitie mdomoni." Akakitia. Kwenye mrija kulikuwa na alama za meno yake, na meno yakakaa mahali pake. Akakitoa, akakigeuza tena kiganjani. Laiti angenigombeza.

"Ni chenyewe," akasema mwishoni. "Kumbe umekichuna ngozi."

Akanieleza. Kiko kile kilichongwa kwa fundo la mzizi wa kichaka kigumu cha nchi za mbali, na fundi alikipiga mchanga kwa upepo wa mashine, kama yeye na wenzake kule Hale walivyokuwa wakipuliza kutu kwenye vyuma. Mchanga unakula nyama laini ya mti na kuacha mishipa migumu. Ile mistari niliyoiona ilikuwa miaka ya mti, mwaka kwa mwaka, na vile vipele ni ncha za mishipa hiyo hiyo upande ilikokatwa. "Nilipopewa, hata mimi nilidhani kimeliwa na mchwa," akasema. "Ila mimi niliuliza. Tangu macho yaondoke, ndicho kitu pekee ambacho bado nakiona. Sasa nashika kama chupa."

Kisha akaongeza: "Mwambie mjomba wako asije kwanza."

Nilirudi Korogwe sijui nalia au nacheka. Nilijiuliza: kosa ni nini hasa? Nilifanya kwa mapenzi, sikudai chochote, kitu kilipendeza. Kwa kuwa sikulielewa kosa, nikalirudia. Nilirudi siku nyingine nikamwomba Zaina kile kiko, nikakaa nacho uani na msumari, nikachora mistari upya, nikifuata ninavyokumbuka. Nikampelekea mzee. Alikigusa kidogo tu, akaangua kicheko mpaka akakohoa.

"Hii ni mikwaruzo, mwanangu. Mti ulikuwa na mistari yake aliyoipanga Mungu, fundi alifagia tu juu yake. Wewe umepanga ya kwako."

Nikakaa chini sakafuni, msumari bado mkononi, nikasema: "Mzee, sijui. Nifanye nini?"

Akageuza uso upande niliko. "Sasa umeuliza," akasema. "Cha kufanya hakuna, kimekwisha. Mwambie mjomba wako aje Ijumaa."

Zaina ndiye bibi yako, mjukuu wangu, kwa hiyo jibu la posa unalijua. Lakini mimi mpaka leo jambo lile linanichanganya. Nilipokuja na kazi inayong'aa nilifukuzwa, na nilipokuja sina la kusema nikakaribishwa. Nimesoma vitabu vya dini, nimekaa na masheikh, na bado sijaweza kulisema lote. Ninachoweza kukuachia ni hiki.

Ukitumwa kukaza mrija, kaza mrija. Ukiona kitu cha mwenzako kina mikunjo, usikimbilie kukilainisha, muulize kwanza anakishikaje. Siku hizi naona mnalainisha hata nyuso zenu kwenye simu kabla ya kumwonyesha mtu, na mnasahau kwamba yuko anayewapenda kwa mistari hiyo hiyo. Na wema wako usiupe haraka. Mimi nilimpenda mzee yule kuliko nilivyomsikiliza, na ndiko nilikomuumizia. Nakuomba utangulize kusikiliza, mapenzi yatafuata na hayatapungua.

Mwenyezi Mungu akupe mikono yenye subira na ulimi mwepesi wa kuuliza. Akuoneshe uzuri pale alipouweka Yeye, hata kama hapang'ai. Na ukikosea kama mimi, akujaalie mtu atakayecheka, kisha akuite mwanangu. Amin.