Bi Rudia na Ukuta wa Ghala

Jina la Bi Rudia hakupewa na wazazi. Alipewa na wahudumu wa afya wa kujitolea aliowaratibu kila palipotokea maafa. Akikuagiza jambo kwa redio ya mkononi, hujashusha pumzi ameshakwambia, "Rudia." Aliamini kwamba mtu huitikia lolote kwa kichwa, lakini huona uzito kutamka kwa kinywa chake asilokusudia kulitenda.

"Huyu hata umsalimie, atataka salamu irudiwe," wifi yake, muuguzi mwenye ulimi mwepesi, alizoea kumtania.

Siku ghala lilipoporomoka, makubaliano na zimamoto yalikuwa yale yale: wao watazame kuta, yeye awatoe watu wake mara aambiwapo. Akikaidi hata mmoja, kikosi chake kizima kingefungiwa mlango.

Afande wa zimamoto aliukagua ukuta wa nyuma, akamgeukia. "Dada, ukuta huu unaachia. Toa watu wako."

Walitoka wote isipokuwa wifi, aliyepiga magoti ndani kando ya mpagazi aliyevunjika paja.

"Wifi, toka sasa hivi. Rudia."

Redio ilikwaruza. "Sawa."

"Nimesema rudia."

"Sawa, wifi, nimesikia."

Bi Rudia alimjua. Wifi alikuwa mkaidi, lakini mwongo hakuwa. Ndiyo maana alikwepa kurudia.

"Wametoka wote?" aliuliza afande.

Kusema ndiyo kulikuwa kwepesi. Kikosi kingebaki na jina jema, na pengine wifi angetoka mwenyewe. Pengine.

"Mmoja hatoki," alisema. "Hamwachi mgonjwa. Nipe machela na watu wawili."

"Tulikubaliana nini?"

"Nakumbuka, afande. Ndiyo maana sikufichi."

Afande alimkazia macho, kisha akawaashiria vijana wake waingie. Bi Rudia alibaki na redio sikioni, akitazama changarawe zikidondoka kutoka juu ya ukuta. Machela ilitoka, na nyuma yake wifi, ameshikilia bendeji. Hawajafika barabarani, ukuta ukalala.

"Kesho ofisini kwangu," alisema afande. "Mpaka tuzungumze, hakuna wako anayeingia popote."

"Umenichongea, wifi," alinung'unika muuguzi.

"Nimekuchongea. Nuna tu, maadamu unapumua."

Jioni, nyumbani, Bi Rudia alikiloweka kizibao cha wifi chenye vumbi na damu, asijue kama kitavaliwa tena. Aliifikicha kola, akasuuza mpaka maji yakatakata, akakikamua na kukianika.