Povu Nyuma ya Propela

Kaka yangu ni fundi wa boti, na mdomo wake ni pilipili tupu. Boti ilipoletwa karakana mara ya tatu ikivuja mafuta ya gia, alimjia juu nahodha.

"Unaiburuza kwenye mawe! Sili ya kuzuia mafuta nimeifunga kwa mikono yangu!"

Na mimi, mpumbavu, nikamuunga mkono.

Kaka akamwaga mafuta yote ya gia, akafunga pampu ya mkono kwenye tundu la mafuta, akajaza upepo, kisha akapaka maji ya sabuni kila mahali. Panapovuja, sabuni hutoa povu. Akachuchumaa, uso wake ukakaribia kugusa propela.

"Haya, njooni muone! Pakavu. Hakuna povu hata chembe."

Povu lilikuwa linatoka kwenye sili, mbele ya pua yake, mapovu makubwa kama maharage. Nahodha akanitazama. Nikainamisha kichwa.

"Mbona mmekuwa mabubu?" kaka akafoka.

Nikakishika kidole chake, nikakigusisha kwenye povu. Akakiacha palepale muda mrefu, mapovu yakipasukia kwenye ukucha.

"Usimwambie shemeji yako habari ya macho yangu," akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.