Miezi Tuliyosalimiana Bila Makofi

Wiki iliyopita nilipanda kijijini kwetu Heru Juu kuiona nyumba niliyozaliwa. Mjukuu wa jirani, binti wa darasa la tatu, alinikuta uani. "Shikamoo babu," akasema, mikono kaificha ndani ya sweta kwa baridi. Nikamwitikia, kisha nikabaki nikisubiri makofi ambayo hayakuja, na moyo ukanirudisha mwaka 2013.

Ndugu yangu, kama hukukulia kwetu, Muha akimsalimia mkubwa hupiga makofi, taratibu, huku akiuliza habari za nyumba, za mifugo, za shamba. Mama alinifundisha hayo kabla sijajua Baba Yetu. Nikisahau, nilirudishwa mlangoni nikaanze upya.

Mwaka huo nilikuwa nimestaafu kazi ya ukatekista Kibondo, nikarudi kukaa na mama. Alikuwa mzee sana, lakini mikono yake bado ilijua kuunga mifupa, ya mbuzi na ya watu. Asubuhi moja, kwenye shamba letu la maharage karibu na bonde, nilimkuta kinda wa korongo mwenye taji, mguu umevunjikia ndani ya mtego wa waya. Nilimbeba ndani ya koti. Mama akaufunga mguu kwa vijiti vya mwanzi na vipande vya kitenge, akamwombea kama alivyowaombea wagonjwa wake wote. Bwana mifugo, kijana kutoka Tanga, akatuombea ruhusa kwa watu wa wanyamapori tukae naye hadi apone.

Habari zikasambaa. Wageni walikuja kumjulia hali, huyu na panzi kwenye jani la mgomba, yule na punje za mahindi. Walimpigia mama makofi ya salamu, kisha wakamlisha mgonjwa. Jikoni mihogo ilichemka, uani makofi hayakukatika, na mguu ukaunga. Tukamsifu Mungu.

Kumbe ndege alikuwa amejifunza kwamba makofi ni chakula. Siku moja wapita njia walisalimiana barabarani, naye akatoka mbio akajipeleka kwao. Mmoja alikuwa ameshamkumbatia anaondoka naye, mama alipopiga yowe.

"Mama, mguu umeuponya," bwana mifugo alisema, "lakini masikio mmeyaharibu. Mkimwachia bondeni, mtu yeyote atamwita na kumtia kwenye gunia."

Mama akambeba ndege akamrudisha nyuma ya jiko, mahali pake pa kulala. "Basi uani hapa makofi yamekwisha," akasema.

Mama yuleyule aliyenifundisha! Panzi tukawa tunawaachia majanini, ajitafutie. Sala ya jioni tuliimba tumefumbata mikono. Wageni mama aliwafuata mbali, ng'ambo ya mikaratusi, akawapigia makofi huko, kisha wakaingia kimya kama wanaoingia msibani. Jirani yetu, mtu wa rika langu na mwenye heshima zake, alikataa.

"Nimekupigia makofi tangu navaa kaptula," alimwambia mama. "Leo ninyamaze kwa ajili ya kuku mwenye kilemba?"

"Mwanangu, hata kuku mwenye kilemba ana wenzake bondeni. Nataka awarudie."

Akaondoka. Hakukanyaga kwetu miezi miwili, na mama aliumia, maana ndiye aliyekuwa akija kumpa stori za watoto aliowalea zamani, mimi nikiwemo.

Kiangazi kilipoingia, korongo alikuwa anaruka hadi juu ya paa. Kila asubuhi tulimsindikiza bondeni, mpaka siku alipolala hukohuko na kundi. Jumapili, baada ya ibada, tulishuka bondeni, na bwana mifugo akasema, "Leo tumjaribu. Mmoja apige makofi."

Hakuna aliyetaka. Mama aliificha mikono ndani ya kitenge. Mara, nyuma yetu, makofi yakalia. Jirani alikuwa ametufuata. Alipiga yote tuliyomnyima, kwa nguvu, na "Mwakeye!", salamu yetu ya asubuhi, juu yake.

Korongo wote waliinua shingo. Wetu, tuliyemjua kwa mguu uliopinda kidogo, akapiga hatua moja kuja kwetu. Mama akafumba macho. Mwenzake akalia, kundi likanyanyuka, naye akanyanyuka nalo.

"Fumbua macho, Mama!" jirani akapaza sauti. "Kanidharau! Kaniacha nimesimama kama nguzo!"

Mama alipiga magoti kwenye matope. Makofi ya kwanza alimpigia Mungu. Kisha akamgeukia jirani: "Sasa wewe. Habari za nyumba?" Walisalimiana mpaka chakula cha mchana kikapoa.

Mama amelala sasa, na jirani pia. Bonde limelimwa zaidi, na watoto wanasalimia kwa mdomo tu. Wiki iliyopita nilimwomba yule binti atoe mikono kwenye sweta, nikamwonyesha. Tukapiga makofi pale uani, mimi na yeye, tukicheka. Nikageuka kutazama nyuma ya jiko. Hakuna aliyekuja mbio, nami nikamshukuru Mungu kwa hilo.