Gari Isiyo na Rivasi Mlangoni kwa Haji Gedi

Hapana, sikujipeleka kuolewa, na binamu yangu Halima anaweza kuendelea kusema hivyo mpaka koo limkauke, mimi nasema hapana. Mtu anayejipeleka kuolewa hujipaka hina kwanza, mimi nilikuwa nimejipaka grisi mpaka viwiko. Yeye ananijibu, "Sasa kama hukwenda kuolewa, nyumba uliibeba ya nini?" Na hapo ndipo ananishinda, maana nyumba kweli niliibeba, na kweli niliifikisha mlangoni kwa watu wenye kijana wa kuoa, na nusu ya Garissa ilinisindikiza. Aibu ninayo, sikatai. Lakini nataka iandikwe vile ilivyokuwa, si vile Halima atakavyoipeleka mtoni kesho pamoja na mitungi. (Naandika Kiswahili kwa sababu lugha yetu ya nyumbani hatukufundishwa kuiandika, na pia kwa sababu mama hasomi Kiswahili.)

Jambo lilianza na shule. Nimemaliza kidato cha nne, na mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo upande wa mtoni anataka nikafundishe, na Aabo, yaani baba yangu, hakukataa wala hakukubali. Alisema hivi: masomo yanakwisha saa kumi, madaftari yasahihishwe, saa kumi na moja inapita, na saa kumi na mbili ni kafyu, na sisi tunakaa bulla, yaani mtaa, ya mwisho kabisa. "Jioni moja tu ukichelewa, Safiya, askari hatauliza wewe ni binti wa nani." Hilo kila mtu hapa analijua tangu hii vita ianze, sina haja ya kulieleza. Akasema atampa mwalimu mkuu jibu miezi miwili mbele, Ijumaa ya mwisho kabla ya muhula mpya, baada ya sala, na kama jibu ni hapana basi mwaka huu niolewe kama wenzangu, kwa sababu msichana hakai tu nyumbani akisoma magazeti ya zamani.

Mimi sina subira, mama anasema nilizaliwa hata mkunga hajaketi. Badala ya kufikiri nikasema, "Basi nitakuwa na gari."

Aabo alicheka. Hilo ndilo lililoniudhi.

Magazeti ya zamani yenyewe ndiyo yaliyonitia wazimu. Katika moja niliona picha ya mzungu mwenye mvi amekaa ndani ya gari ndogo ya mashindano, chini kama karai, aliyoiunda mwenyewe nyuma ya nyumba yake kwa injini ya pikipiki. Vipande vinauzwa ndani ya masanduku, wewe unaunga tu. Nikampelekea mjomba wangu, Abti Yusuf, ambaye ana gereji ya malori karibu na soko la mifugo. Aliigeuza picha juu chini, akasema, "Sanduku hilo litafikaje hapa, na hata sukari inakuja kwa msafara wa askari?" Lakini niliona jicho lake halitoki kwenye ile picha. Pale gereji alikuwa na pikipiki ya bwana mifugo mmoja ambayo ilimwangusha mara mbili akaapa hataipanda tena, na Abti Yusuf naye malori yamempungukia, maana barabara ya Wajir siku hizi malori yanakwenda mengi na kurudi machache.

Tulifanya kazi miezi miwili. Tuliiacha pikipiki na gurudumu lake la nyuma na cheni yake, tukaikata mbele, tukaichomelea kwenye vyuma vya vitanda viwili, tukaweka magurudumu mawili ya baiskeli mbele na usukani wa lori lililokufa. Viti viwili. Klachi ya mguu, hiyo nilibuni mimi. Kitu kimoja tu hakikuwepo, na Abti Yusuf alinitajia mapema kabisa: pikipiki haina gia ya kurudi nyuma. Nikamwambia mimi naenda shule, sirudi nyuma. (Nilijiona nimesema neno kubwa sana.)

Basi ikabaki bodi. Abti akakata mapipa ya mafuta akafunga mabati, na injini ikakohoa mara tatu ikafa, haiwezi kuvuta. Yule mzungu aliandika kwamba gari ya namna hii uhai wake ni wepesi. Nikawa natembea nyumbani nikitafuta kitu chepesi, chenye nguvu, kinachopindika, na nyuma ya nyumba yetu, chini ya turubai, nikakiona: vijiti vya aqal.

Kwa asiyejua, aqal ni nyumba yetu ya kuhama. Vijiti virefu vimepindwa tangu vikiwa vibichi mpaka vimeshika umbo la upinde, vinafungwa kwa kamba, juu inatandikwa mikeka, na nyumba nzima anaibeba ngamia mmoja. Mama hukusanya vijiti na kufuma mikeka kwa ajili ya binti yake tangu binti ni mdogo, na siku ya arusi wanawake huipeleka nyumba ile kwa bwana arusi wakiimba, wakaisimamisha pale. Wewe unayesoma umeshaliona kosa langu. Mimi sikuliona. Niliona vijiti vyepesi, tena vyangu mwenyewe, na mama alikuwa amekwenda kumwangalia mgonjwa bulla nyingine, na leo ni Alhamisi na jibu la Aabo ni kesho. Nilipanga kuvirudisha kabla ya magharibi.

Wallahi, gari ilipendeza. Vijiti vilikaa juu ya vyuma kama vilipindwa kwa kazi hiyo, mikeka miwili ubavuni, na ule mzuri wenye nakshi nyekundu na vishada nikaufunga juu uzuie jua. Abti Yusuf aliizunguka akakuna kichwa. "Safiya, inafanana na kitu, lakini sikumbuki ni kitu gani." Mwanamume, angekumbuka vipi.

Mpango wangu ulikuwa mdogo. Niiendeshe mpaka shule, nigeuze kwenye uwanja, nirudi nyumbani, nimwonyeshe Aabo saa. Barabara kubwa inapita kwenye kizuizi cha askari, na pale mtu anaweza kusimama muda mrefu akiulizwa maswali, na gari yangu ikisimama haiwaki tena mpaka isukumwe. Kwa hiyo (na huu ndio uamuzi ambao ningelipa chochote niurudishe) nikakata kushoto, nikapita njia ya wauza maziwa.

Injini ilikuwa inalia vizuri kabisa. Wauza maziwa walikuwa wamekaa kwenye mstari na vibuyu vyao, na mmoja, Hawo, ambaye sauti yake inasikika ng'ambo ya mto, alisimama akatazama ule mkeka mwekundu, akanitazama mimi ndani, akatazama vijiti. Akapiga kigelegele.

"Arusi! Jamani, arusi!"

"Si arusi, Eedo!" nikapiga kelele, nikimwita shangazi kwa heshima, lakini injini ya pikipiki haina adabu, ilimeza maneno yangu yote.

"Nyumba ya nani hiyo?"

"Ya binti Warsame! Yule msomi!"

"Ngamia wao yuko wapi?"

"Msomi hana haja ya ngamia, wewe huoni?"

Lazima niseme ukweli hapa, siwalaumu. Tangu mwaka juzi hakuna arusi ya maana mjini, watu wamezika zaidi ya walivyoozesha, ngoma zimekatazwa, mikusanyiko imekatazwa. Walikuwa na njaa ya kigelegele. Waliacha maziwa yao na mwangalizi mmoja, wakanifuata wakiimba na kupiga makofi, na mimi siwezi kusimama maana nikisimama nimekwisha, na siwezi kwenda haraka maana mbele kuna mbuzi. Kwa hiyo nilikwenda mwendo ule ule wa msafara wa bibi arusi. Nikaona kichochoro upande wa kulia, nikakata kona niwakimbie.

Kichochoro kile hakina mwisho mwingine isipokuwa ua wa miiba wa Haji Gedi, mfanya biashara wa ngozi. Pua ya gari iliingia kwenye lango lake, miiba ikashika mikeka pande zote mbili, injini ikazima. Nyuma yangu wanawake thelathini wamejaza njia. Mbele yangu uani alikuwa Bashir, mtoto wa kwanza wa Haji Gedi, karani wa ofisi, amekaa kwenye kigoda ananyolewa, upande mmoja wa uso una povu.

Tulitazamana.

"Mimi sijachumbia mtu," alisema Bashir. Hakuniambia mimi, alimwambia kinyozi.

"Na mimi sikutaki!" nikasema, na kwa kuwa injini sasa ilikuwa kimya, hilo lilisikika kwa watu wote. Hawo akaangua kicheko. "Wameanza kugombana tayari! Hii ndoa itadumu!"

Mama yake Bashir, Sahra, alitoka jikoni na unga mikononi. Niliomba anifukuze. Badala yake alinishika kichwa kwa mikono ile yenye unga akasema, "Abaayo, dada yangu, zamani msichana akimpenda mtu alikuwa anakuja kwa miguu. Wewe umekuja na moto." Kisha akawageukia wenzake. "Sasa tumwache juani?"

Nilisema ni gari. Nilisema mara nne. Niliwaonyesha usukani. Lakini nilipoomba wanisaidie kuirudisha nyuma, walidhani naona haya kama bibi arusi anavyopaswa kuona haya, na kadiri nilivyokataa ndivyo walivyozidi kuniona nina tabia njema. Walianza kufungua kamba. Mikono ile imesimamisha nyumba tangu utotoni, haina haja ya kufikiri. Kabla sijashuka kwenye kiti, ubavu mmoja wa gari yangu ulikuwa umeshachimbiwa ardhini. Nikamshika Hawo mkono, akanikabidhi kamba nivute, na (hili Halima halijui na sitamwambia) nikaivuta, kwa sababu alikuwa anaifunga vibaya.

Vigelegele vilikatika ghafla kama vimekatwa kwa kisu. Buti. Askari wanne na koplo wao, mtu wa bara, bunduki mikononi. Wanawake wakashika mitandio yao, hakuna aliyesogea, Bashir akasimama na povu lake, mikono juu. Kwa kitambo hakuna kitu cha kuchekesha. Nilifikiri, nimewakusanya watu wote hawa hapa, mimi.

Koplo aliizunguka. Upande mmoja nyumba, upande mmoja vyuma vya kitanda na injini.

"Hii ni nini?"

"Gari, afande," nikasema.

"Leseni ya gari iko wapi?"

Hawo akaingilia kwa Kiswahili chake kisicho na "p", "Afande, bolebole, hii si gari, hii nyumba ya arusi."

"Nyumba. Na kibali cha kuhama kiko wapi?"

"Basi ni gari," nikasema.

Yule koplo alinitazama muda mrefu, akatazama wenzake, na mdomo ukaanza kumcheza. Aliinama akachomoa plagi ya injini, akaitia mfukoni, akasema tuna dakika kumi kila mtu awe ameshika njia ya kwake, na Bashir ashushe mikono amalize kunyolewa. Walipofika kwenye kona nikawasikia wanacheka wote watano, na sijapata kufurahi kusikia watu wakinicheka kama leo.

Aabo alikuwa amesimama mwisho wa kichochoro. Sijui tangu saa ngapi. Alimsalimia Haji Gedi, aliyekuwa ametoka ndani kwa makelele yale, akaomba msamaha kwa fujo, akasema atatuma vijana kesho waje kuchukua vitu. Sahra akatikisa kichwa.

"Nyumba ya mwanamke haishushwi na wanaume, Warsame. Aliyeileta ndiye aje aishushe. Asipokuja kesho, basi mimi nitajua ameniachia, nami nitaleta wazee kwako."

Alikuwa anatabasamu, lakini hakuwa anatania.

Tulirudi kwa miguu, haraka, Aabo mbele, mimi nyuma. Tulipoingia kwetu mama alikuwa ameshapata habari. Nilitegemea kilio. Aliuliza kitu kimoja tu, kama ule mkeka mwekundu umechanika, nikasema kidogo, kwenye kona, akaenda kukaa mbali nami. Aliufuma mwaka ule tulipopoteza ngamia wote. Hilo liliniuma kuliko koplo, kuliko Bashir.

Aabo alivua viatu. Akatoa saa yake mfukoni akaitazama. "Tumetoka kwa Haji Gedi saa kumi na moja imeshapita, na kutoka kule mpaka hapa ni mbali kuliko kutoka shuleni," akasema. "Na kafyu bado robo saa." Kisha akaenda kutawadha, na kuhusu jibu la kesho hakusema kitu.

Nimekaa na robo saa ile tangu hapo. Miezi miwili nimechomelea vyuma ili niishinde njia ambayo sijawahi hata mara moja kuitembea nikiangalia saa. Nilikuwa na haraka sana ya kufika. Sitaunda tena kitu chochote chenye gurudumu kabla sijajua kama miguu imeshindwa, hiyo ni ahadi na nimeiandika kwa wino.

Kesho, baada ya sala ya alfajiri, nitakwenda kwa Sahra. Nitaishusha nyumba yangu kijiti kwa kijiti mbele ya yeyote atakayetaka kutazama, nitamshukuru, nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba kuolewa bado, kisha nitaifunga mgongoni, fungu kwa fungu, na kupita njia ile ile ya wauza maziwa mchana kweupe, na Hawo aseme atakalo. Mkeka nitamkabidhi mama mkononi, na sindano nitakuwa nimeshaitia uzi. Halafu, kabla ya sala ya Ijumaa, kabla hajaonana na mwalimu mkuu, nitamwomba Aabo avae viatu vyake tutembee pamoja mpaka shuleni na kurudi, na saa aishike yeye.