Peres na Barua Bubu

Peres alikuwa mtunga programu katika ofisi ndogo katikati ya jiji la Nairobi. Wateja wao walikuwa shule na maduka ya dawa, na kila programu waliyounda ilikuwa na njia yake ya kutuma na kupokea barua pepe. Njia moja ikiharibika, programu zote hupekuliwa. Ndipo Peres akapewa kazi ya kuunda maktaba moja ya msimbo, yaani hazina ya maagizo ya kompyuta, ambayo programu yoyote ingeitumia bila kujali barua inabebwa na huduma gani.

Nyumbani Kileleshwa, mumewe Clifford, mwalimu wa hesabu, alikuwa amepoteza macho miaka miwili nyuma. Barua zake alisomewa na simu. Jumanne moja Peres alimkuta ameketi kitandani na viatu miguuni.

"Baba Debra, kwani unaenda wapi?" akamuuliza, akimwita kwa jina la binti yao.

"Siendi tena. Kliniki wamepiga simu, wanauliza mbona sikufika asubuhi. Nimevaa viatu niende, lakini zamu yangu imepita. Eti waliniandikia."

Peres akaitazama barua hiyo kwenye simu. Ilikuwa na marembo tele, lakini siku na saa za miadi zilikuwa ndani ya picha. Simu ilikuwa imemsomea Clifford neno moja tu: picha.

"Nilidhani ni tangazo," Clifford akasema kwa aibu.

Peres akapiga magoti, akamvua viatu.

Kesho yake ofisini akaongeza sharti kwenye maktaba: barua isiyo na maneno ya kusomeka haitoki. Mwenzake Wachira akapinga.

"Maktaba ni ya kila mtu, Peres. Yetu ni kubeba tu. Tutaanzaje kufunza watu kuandika?"

"Tunabeba hadi wapi, Wachira? Hadi kwa simu, ama hadi kwa mtu?"

Walibishana hadi chakula cha mchana kikapoa. Mwishowe wakakubaliana: barua yenye picha pekee itarudishwa kwa aliyeituma, ikimweleza kinachokosekana.

Kazi ilichukua miezi mitatu. Barua ya kwanza ya majaribio Peres alimtumia Clifford, Jumamosi, akiwa jikoni. Simu ikasoma sebuleni: "Mwalimu wangu, chai iko tayari. Picha."

Clifford akacheka hadi akafuta machozi. "Kuna picha pia?"

"Iko. Ni ua."

"La rangi gani?"

"La manjano, lina umande."

"Sasa mbona hukuniandikia hilo?"

Jumatatu Peres akafungua tena maktaba, akatenga mahali pa kueleza kila picha kwa maneno. Safari hii Wachira hakubisha; alivuta kiti, wakaandika pamoja.