Siku Punda Alipovikwa Blanketi Langu la Mahari

Nimeolewa, nimezaa, nimezika mume. Lakini kunyang'anywa ubibi na punda, hilo sikulitegemea.

Sogeeni niwasimulie.

Mjukuu wangu Agness alichumbiwa na Goodhope, kijana wa Mikumi anayepiga picha za harusi kwa droni. Mahari ikaisha, likabaki blanketi la bibi tu. Kwetu, bibi asipovikwa blanketi, binti hatoki.

Sasa mimi na Goodhope ni watani. Ananiita mke mkubwa. Siku moja nikamtegea kitendawili: "Mume wangu, blanketi langu nalitaka lije halijashikwa na mkono, wala halijatembea kwa mguu."

Nilikuwa natania, jamani.

Kijana akakibeba hivyo hivyo kizima kizima.

Siku ya siku akaja kijijini kwetu Zombo kwa bodaboda, droni begani, mkononi blanketi la kitoto lenye picha za bata.

"Mbona la mtoto?" nikamuuliza.

"Mke mkubwa, hii droni siyo lori. Lile zito iligoma nalo, ikajibwaga kwenye banda la kuku."

Chini ya droni alifunga kindoano. Akibonyeza rimoti, kinafunguka, mzigo unashuka. Akasema kibali anacho, hifadhini harushi, na juu ya vichwa vya watu hadondoshi kitu, hata iwe leso.

"Sasa utanivikaje?"

"Kiti chako tunakiweka uwanjani peke yake. Blanketi likishatua hapo, unakuja kukaa, unajifunika. Mchezo umeisha."

Hapo akaingia mdogo wangu Shigela, mshika mila wetu. Huyu tangu utotoni hajanipita bila shikamoo. Kijana akimsalimia "mambo", anamrudisha hadi barabarani aanze kuja upya.

"Dada," akasema, "atakayevikwa ndiye bibi. Na huyo ndiye wa kutoa ruhusa. Asipotoa, harusi ingoje mavuno yapite."

Agness akanibana mkono. Vyombo vyake vilishapakiwa.

Droni ikapaa, inavuma kama nyuki waliochokozwa. Watu wote tukajibanza ukutani, kiti kikabaki peke yake.

Tatizo ni moja. Sheria za Goodhope zilitaja watu. Punda hazikumtaja.

Punda wa jirani yetu Nyanda, yule wa kubeba maji, alikurupushwa na ule mlio. Akakata kamba, akaja mbio akielekea kwenye kiti. Kidole cha Goodhope kilishabonyeza.

Bata wote wakatua mgongoni mwa punda.

Punda akasimama pale pale kando ya kiti.

"Amevikwa," Shigela akasema.

"Babu, huyo ni punda," Goodhope akajitetea.

"Nimemwona. Mila haihesabu miguu. Akitoa ruhusa, nendeni. Asipotoa, tuonane baada ya mavuno."

Agness akaanza kulia. Hapo damu ikanichemka.

"Sawa, Shigela," nikasema. "Kama huyo ndiye bibi, basi ndiye dada yako. Mbona hujamwamkia?"

Watu wakainamisha nyuso, mabega yanacheka. Nikajua mdogo wangu sasa atalegeza.

Hakulegeza. Alivua kofia, akamsogelea punda, akainama.

"Shikamoo, dada."

Punda akainua shingo, akalia mpaka kuku wakatawanyika.

"Kaitikia," Agness akasema, machozi bado mashavuni.

"Na ruhusa katoa humo humo," nikadakia. "Au wewe, Shigela, umesikia akikataa?"

Shigela akafikiri. Mtu aliyekwishatoa shikamoo mbele ya ukoo atasemaje tena kwamba yule ni mnyama?

"Katoa," akasema, akijifuta jasho.

Agness akaondoka kwenda Mikumi jioni ile ile, anacheka na kulia.

Mimi nikaenda kuchukua blanketi langu. Shigela akasimama njiani.

"Dada, siyo lako."

Mpaka leo, kila asubuhi anapita kwangu, ananipa shikamoo. Kisha anavuka kwa Nyanda, anatoa nyingine.

Funzo langu: ukitaka kudondosha kitu toka angani, fuata sheria za watu, lakini punda mfunge kwanza. Na mzee anayependa vitendawili asimtegee kijana mwenye rimoti.

Basi na ninyi nawategea: baridi ni yangu, blanketi ni langu, anayelala nalo ana mkia.

Mkishindwa, nipeni mji. Nataka Mikumi, nikamwone Agness.